ELIMU YA AFYA: Ganzi ya Mkono kwa Msaada wa Mashine ya Ultrasaundi

Mvuvi aliyeteleza kwenye mawe ya ufukwe wa Ziwa Nyasa, kijana aliyeanguka kutoka mwembeni na abiria wa bodaboda wanaweza kufika hospitalini na jeraha la namna moja: mkono uliovunjika kiasi cha kuhitaji upasuaji. Wapo wananchi wanaoahirisha matibabu hayo kwa kuogopa nusukaputi. Kwa majeraha mengi ya mkono ipo njia nyingine: kuutia ganzi mkono pekee, mgonjwa akiwa macho.

Namna ganzi inavyofanya kazi

Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka katika uti wa mgongo sehemu ya shingo, hupita nyuma ya mtulinga, kisha kwapani, na kugawanyika hadi vidoleni. Dawa ikiizunguka mishipa hiyo, taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Diedrich Kulenkampff, alieleza namna ya kudunga sindano juu ya mtulinga. Hata hivyo, mtaalamu alilazimika kukadiria kwa kufuata alama za mwili, ilhali mahali hapo pafu na mshipa mkubwa wa damu viko jirani sana. Sindano ikikosea, pafu huweza kutobolewa. Dawa ikiingia katika damu, huweza kuleta degedege au kusimamisha moyo.

Mwaka 1994 Stephan Kapral na wenzake wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya kutumia ultrasaundi kuongoza sindano hiyo. Mashine ni ya aina ile ile inayomtazama mtoto tumboni. Hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi. Mtaalamu huona mishipa, ncha ya sindano na dawa inavyosambaa. Kwa hiyo dawa kidogo zaidi huweza kutosha, na uwezekano wa kutoboa mshipa wa damu hupungua. Hatari hupungua, lakini haiishi kabisa.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla: Mgonjwa aeleze mzio wa dawa, ugonjwa wa mapafu, dawa za kuzuia damu kuganda, na ganzi yoyote aliyokuwa nayo mkononi. Azingatie maelekezo ya kutokula, kwa kuwa ganzi ikishindwa kutosha, nusukaputi huweza kuhitajika.

2. Wakati wa kudungwa: Aseme mara moja akisikia mlio masikioni, ganzi midomoni, ladha ya chuma au shida ya kupumua.

3. Baada: Mkono huweza kubaki mzito kwa saa nyingi. Uning'inizwe kwa kitambaa, na usikaribie moto wala maji ya moto. Dawa za maumivu zianze kabla ganzi haijaisha, kama alivyoelekeza daktari. Vidole vikivimba sana, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, mgonjwa arudi hospitalini bila kusubiri maumivu, kwa sababu ganzi huyaficha.

Huduma hii huhitaji mashine na mtaalamu aliyefunzwa kuitumia, hivyo haipo katika kila kituo. Aliyevunjika mkono aanzie kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa. Akipewa rufaa, aulize mapema iwapo ganzi ya mkono inapatikana huko aendako, kwa maana safari ya kutoka Lituhi hadi Songea ni ndefu kwa mwenye maumivu.