Somo la Afya: Vipimo vya Mimba – Jua Unachopimwa



Mama akifika kiliniki ya wajawazito hutolewa damu, huombwa mkojo, hupimwa presha, kisha hurudi nyumbani na kadi iliyojaa maandishi. Mume akiuliza, "Wamekupima nini?" wengi hujibu, "Sijui, walitoa damu tu." Somo hili linataka kuliondoa jibu hilo. Kila kipimo kinatafuta jambo fulani. Ni vizuri mjue ni jambo gani, na mtafanya nini majibu yakitoka.

1. Vipimo vya magonjwa yanayotibika
Hivi ni vipimo vya virusi vya UKIMWI, kaswende, malaria, upungufu wa damu, presha, na protini katika mkojo. Msivikwepe, kwa sababu majibu yake huokoa maisha. Mama mwenye virusi asipotumia dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa katika mimba, uzazi au kunyonyesha. Akimeza dawa vizuri, huwa chini ya 5 kati ya 100.

Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba kipimo cha virusi kifanywe kwa ridhaa, na majibu yawe siri. Baba, mkeo akikutwa na virusi usimlaumu. Kupimwa kwanza hakuonyeshi nani aliambukizwa kwanza. Nenda nawe ukapimwe.

2. Seli mundu
Huu ni ugonjwa ambao Wakongo wengi huuita SS. Mtu anaweza kubeba mbegu yake bila kuumwa. Utafiti wa mwaka 2014 na 2015 nchini Uganda ulionyesha kwamba watoto wachanga 13 hivi kati ya 100 wana mbegu hiyo. Baba na mama wote wakiwa nayo, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Si laana wala si kosa la mama. Mbegu hutoka kwa wote wawili. Mkijua mapema, mtoto atapimwa akiwa mchanga na ataanza dawa na kinga kabla hajaugua.

3. Skani
Shirika la Afya Duniani linashauri skani moja kabla ya wiki 24. Huonyesha umri wa mimba, idadi ya watoto na mahali kondo la nyuma lilipo. Kondo likiziba mlango wa uzazi, mama atahitaji upasuaji. Hapo mnapaswa kupanga mapema: atakwenda lini Mbarara, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto?

Skani inaweza pia kuonyesha maji mengi kichwani au kasoro ya uti wa mgongo. Habari hiyo ni nzito, lakini si mwisho. Hapa Uganda, hospitali ya CURE mjini Mbale hutibu watoto wa namna hiyo. Kumbukeni pia kwamba skani haioni kila kitu. Kuambiwa "mtoto yuko sawa" si ahadi ya kwamba hatakuwa na ulemavu wowote.

4. Maswali ya kumwuliza mhudumu
- Kipimo hiki kinatafuta nini?
- Jibu ni la hakika, au kitahitajika kipimo kingine?
- Likiwa baya, kuna matibabu gani, na wapi?
- Nisipopimwa, kuna hatari gani?
- Nikiandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, nitasafirije?

5. Lugha
Mbarara wengi husema Kinyankore na Kiingereza. Usitikise kichwa kukubali jambo ambalo hukulielewa. Omba mkalimani. Kama hutaki jirani au hata mumeo akutafsirie habari za siri, sema hivyo kwa upole. Kisha rudia kwa maneno yako ulichoambiwa, ili daktari ajue kama umeelewa.

Anzeni kiliniki kabla ya wiki 12, na nendeni wawili ikiwezekana. Tunzeni kadi, ndiyo inayosema kwa niaba yenu mkifika Mbarara usiku.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Ni kipimo gani kwenye kadi yetu ambacho hatukielewi?
2. Je, sisi wawili tumewahi kupimwa seli mundu?
3. Tukipewa habari ngumu, ni nani tungependa awe pamoja nasi?