Matairi ya Pikapu Kuukuu: Mafunzo Niliyopata Mtangawanda

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya zamani, inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Naishi karibu na gati ya Mtangawanda na kazi yangu iko Faza, kwa hivyo njia ya Siyu naijua kwa jua na kwa mvua. Watu wa bara wakisikia kisiwa cha Pate hudhani tuna punda na mashua tu. Punda tunao, na mashua ndizo zinazotulisha, lakini magari yapo, bodaboda zimejaa, na kila mwenye chombo cha magurudumu huku ana lake la kusema juu ya matairi. Langu ni hili: kwa njia hizi zetu, tairi huchaguliwa kwa uzito na kwa umri. Meno yatazamwe mwisho.

1. Tairi kuukuu lisomwe kabla ya kuuliza bei ya jipya

Tairi linalotoka lina habari za gari. Likiwa limelika katikati na kingo zimebaki, upepo ulikuwa mwingi. Likilika kingo zote mbili na katikati pamebaki nyama, upepo ulikuwa haba. Upande mmoja tu ukiisha, hasa kwa magurudumu ya mbele, usililaumu tairi: tazama bushi, boljointi na fimbo za usukani, kwa sababu jipya utakaloliweka hapo litaliwa vile vile.

Mjini ungelipeleka gari kwenye mashine ya alaimenti. Sisi kuivusha pikapu hadi ng'ambo ni shughuli ya chombo kikubwa, mbao na kungojea bamvua, na hakuna mwenye akili afanyaye hivyo kwa ajili ya alaimenti. Fundi wetu hupima kwa uzi. Anauvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili za gari, anatazama mwanya uliopo mbele ya gurudumu na uliopo nyuma yake, kisha anazungusha fimbo mpaka aridhike. Kwa mwendo wa huku yatosha. Kazi hiyo ifanywe kwanza, maana bei ya bushi si kitu mbele ya bei ya matairi mawili.

2. Namba ya mwisho ndiyo yenye maana

Tairi la Hilux yangu ni 195R14C. Upana ni milimita 195, R ni radiali, rimu ni inchi 14, na C ni alama ya tairi la gari la mizigo. Baada ya hapo kuna namba ambayo wengi huipita: 106/104. Hiyo ndiyo ya uzito. 106 maana yake kila tairi, likifungwa peke yake, linabeba kilo 950. 104 ni kilo 900, kwa magari yanayofungwa matairi mawili mawili nyuma.

Mombasa muuzaji mmoja aliniletea 195/70R14, yanang'aa, na bei ya kutamanisha. "Shekhe, 195 ni 195, na rimu ni ile ile 14. Yataingia." Kuingia yangeingia. Lakini ubavuni yaliandikwa 91, nayo ni kilo 615 tu. Ni matairi ya gari dogo la abiria. Ukipiga hesabu ya ekseli ya nyuma, matairi mawili yanapungukiwa na uwezo wa kilo 670, na mfuko wa saruji ni kilo 50: yaani mifuko 13 imekosa pa kukaa. Tena hiyo 70 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, ilhali tairi langu, ambalo halikuandikwa namba hiyo, lina ubavu wa asilimia 80 hivi. Kipenyo kinapungua karibu sentimita 4, na gari linashuka sentimita 2. Kwenye lami hutaona tofauti. Huku, mahali ambapo vichwa vya mawe vimechomoza katikati ya njia, sentimita 2 ndizo zinazotenganisha sampu ya oili na jiwe.

Kisha akanionyesha 185R14C, yenye 102/100, kilo 850. Hili ni tairi la haki, la mizigo kweli, na mtu anayejibeba mwenyewe tu halitamwangusha. Shida ni kwamba pikapu ya mtu anayejibeba mwenyewe tu haipo Pate. Ukiwasha injini asubuhi, jirani ana magunia ya nazi, boti limeshusha madebe na mikungu ya ndizi, mama wa mtaa wa pili ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Faza, na watu wawili wamekwisha panda nyuma kabla hawajakusalimu. Gari la kwendea kazini hugeuka la mizigo palepale gatini. Nilibaki na 195.

Kuna na herufi ya kasi. Hapo R ni kilomita 170 kwa saa, S ni 180. Wauzaji huitaja kwa fahari. Baina ya Mtangawanda na Siyu sijamwona aliyefika hata nusu ya hiyo akabaki na gari.

3. Meno makubwa huchimba

Vijana wa hapa wanayapenda matairi ya tope, yale yenye vitofali vikubwa na mapengo baina yao. Sura yake ni nzuri, sibishi. Lakini barabara yetu ina mchanga mwingi kuliko tope, na kwenye mchanga mkavu gari la kusukumwa nyuma likifungwa meno hayo hujichimbia lenyewe. Ukikanyaga mafuta, meno yanatupa mchanga nyuma na ekseli inashuka. Ngamia hutembea juu ya mchanga kwa sababu unyayo wake ni mpana na laini, na tairi la mchanga hutakiwa liwe na tabia hiyo: meno ya wastani, mabega ya mviringo, na ubavu unaokubali kutanuka.

Masika yakishika, ule udongo unaonata ukilowa, hapo mwenye meno makubwa hutupita akicheka. Mwache acheke. Siku za tope zito kweli si nyingi, na siku hizo pikapu hulala, mimi huchukua bodaboda. Meno makubwa yana adhabu nyingine pia: kwenye mawe makali ya matumbawe vile vitofali humeguka vipande vipande, na tairi hubaki na mapengo hata kabla halijaisha. Nikaamua ya wastani, yale ya njia zote, na kwa hili sijapata sababu ya kubadili rai.

4. Mchanga unataka upepo kidogo, mawe yanataka upepo mwingi

Hapa ndipo penye mgogoro, na hakuna tairi linaloumaliza.

Kwenye mchanga mzito dawa inajulikana: punguza upepo hadi pauni 18 au 20, tairi litandae, ushike gia ya chini na usikanyage mafuta kwa pupa. Gari litatoka. Lakini hatua chache mbele mchanga unakwisha na mawe yanaanza, na tairi lililolegea likigonga jiwe ubavu wake hubanwa baina ya jiwe na rimu. Nyuzi hukatika kwa ndani. Huoni kitu siku hiyo. Wiki mbili baadaye unaona uvimbe, na tairi lenye uvimbe halina fundi. Na zile kilo 950 ni za tairi lililojazwa upepo wake kamili. Ukibeba shehena kwa pauni 20, namba uliyoilipia haipo tena.

Kwa hivyo ununuzi wa matairi haujakamilika bila vitu viwili: kipimo cha upepo na pampu. Kipimo kiwe chako. Kupiga tairi teke, au kulitazama kwa jicho kama tufanyavyo wengi, hakutenganishi pauni 25 na 35, hasa tairi la ubavu mgumu. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye betri ya gari ni polepole, lakini inakupa uhuru wa kushusha upepo penye mchanga na kuupandisha penye mawe. Mtu asiye na pampu hathubutu kushusha, akikwama humwita kila mpita njia amsukume.

Nilimwuliza fundi wangu, mtu mzima niliyezoea kumwita ami, kama kuna upepo wa katikati unaofaa pote. Akasema upo, ila ni wa mtu asiyebeba mzigo.

5. Huku tairi hufa kwa uzee

Mtu wa Nairobi anamaliza meno ya tairi. Sisi hatuna umbali wa kuyamaliza. Alama za mwisho, vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6, sijawahi kuvifikia kwa tairi hata moja. Kinachotangulia ni nyufa. Mpira wa tairi huchanganywa na nta ya kuukinga, na nta hiyo hupanda juu tairi linapokunjika kwa mwendo. Gari linaloegeshwa juani mchana kutwa, likatembea kidogo tu asubuhi na jioni, hukauka upesi.

Basi tazama tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfuatano wake kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, kwa hivyo ukionyeshwa tairi lililolazwa, ligeuze. Kampuni kama Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama lina meno.

Hili limekuwa muhimu zaidi tangu viwanda vya karibu vifungwe. Nairobi palikuwa na kiwanda cha Firestone, matairi yake baadaye tukayajua kwa jina la Yana, na kampuni ya Sameer Africa ikakifunga mwaka 2016. General Tyre ya Arusha ilikuwa imekwisha nyamaza kabla yake. Tairi la leo limekaa ghalani ng'ambo, likakaa melini, likakaa dukani. Jipya la miaka minne si jipya, na mwenye duka akikataa kupunguza bei, mwachie.

6. Tyubu

Rimu za chuma za zamani, zikipigwa na maji ya chumvi, hufanya kutu pale mdomo wa tairi unapokaa. Tairi lisilo na tyubu huvuja hapo kidogo kidogo. Tena kulikalisha kwenye rimu kunataka kompresa yenye upepo wa ghafla. Pampu ya mguu haiwezi. Ndiyo maana kisiwani wengi wetu tunatia tyubu hata ndani ya tairi la tyublesi, kwa kuwa fundi wa bodaboda yeyote anaziba tyubu. Ukifanya hivyo, tia tyubu ya radiali, sugua kutu yote, na bandua karatasi zilizogandishwa ndani ya tairi, maana zinaikwaruza tyubu mpaka itoboke.

7. Nunua matano, na uyaangalie safarini

Speya inayoning'inia chini ya pikapu huzeeka sawa na wenzake, na mnyororo wake huliwa na chumvi. Ishushe mara moja moja, la sivyo siku ya haja haitashuka.

Kutoka Mombasa matairi yalikuja kwa basi hadi gati ya Mokowe, bara, kisha kwa boti kupitia mkondo wa Mkanda maji yalipojaa. Botini mlipangwa mapipa ya petroli, na mabaharia wakataka kuyaegemeza matairi hapo hapo. Nikawaomba wayahamishe mbele, kwa sababu mafuta hulainisha mpira na kuuharibu. Nahodha alinung'unika, kisha akauliza yale makuukuu nitayafanyia nini. Alitaka mawili ya kuning'iniza ubavuni mwa boti lisigonge gati. Tukakubaliana: yeye achukue mawili, mimi nisilipe nauli ya mzigo.