Thibitisha Kiini Kwanza: Programu za Kaya, kutoka Navrongo hadi Ifakara

Ukitaka kuelewa familia ya programu ni nini, iangalie kazi ya Taasisi ya Afya Ifakara, pale Mlabani. Tangu sensa ya mwanzo ya 1996, wakusanyaji walirudi kila baada ya miezi 4 katika kaya za Kilombero na Ulanga kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Programu iliyobeba kazi hiyo, Household Registration System, ilitoka Navrongo, Ghana. Kiini kilikuwa kimoja, kituo cha Rufiji nacho kikakitumia, na kila kituo kikaongeza maswali yake. Kiini kile kilijua mantiki ya maisha: marehemu hazai, hahami wala hafi tena, mtu haingii kaya mpya kabla hajatoka ya zamani.

Sasa tuongeze kipengele ambacho bonde la Kilombero lingekidai. Msimu wa mpunga, familia huhamia shambani miezi mizima, wakilala dunguni, na nyumba ya kijijini ikibaki yao. Mtu ana makao mawili, kiini kinasema moja. Ukiviunganisha hivyo hivyo, watu wanaongezeka bila mtoto kuzaliwa. Wapo watakaosema majaribio yatalinasa kosa hilo. Yatanasa hili, labda. Lakini vipengele 10 vya hiari vinazaa programu 1,024, na vipengele 20 vinapita milioni; nani atazijaribu zote?

Hatua, basi. Mti wa vipengele uchore kwa FeatureIDE; ni ya bure na haisumbui. Kazi hasa ni inayofuata: kabla ya msimbo, andika masharti ya kiini, kisha kila kipengele kipe mkataba unaosema kinadai nini na kinaahidi nini. Kipengele kinachobadilisha kazi ya kiini kisidai zaidi ya kiini, wala kisiahidi pungufu. Ukilishika hilo, unathibitisha kila kipengele mara moja badala ya kila programu. Kwa dungu, mkataba unakulazimisha kutenganisha makazi, ambayo ni mamoja, na mahali mtu alipolala, ambapo ni popote. Hakuna jaribio ambalo lingekuonyesha hilo mapema hivyo.

Chombo ninachokipendelea ni CorC, pamoja na tawi lake VarCorC la familia za programu: unajenga msimbo hatua kwa hatua kutoka kwenye mkataba, na kithibitishaji KeY kinaihakiki kila hatua. Njia hiyo ni ya Dijkstra, na Kourie na Watson wa Afrika Kusini waliiandikia kitabu mwaka 2012. Ila bado ni chombo cha watafiti, kimefungwa kwenye Java na Eclipse, na anayekiuza kama dawa ya kila kitu anadanganya.

Pingamizi zito ni kwamba sharti lenyewe linaweza kuwa baya. Kweli. Lakini sharti ni ukurasa mmoja ambao msimamizi wa wakusanyaji anaweza kuusoma na kuukataa; msimbo hawezi. Gharama nayo inapungua ukithibitisha kiini na vipengele vinavyogusa vifo, vizazi na uhamaji, ripoti na rangi za skrini ukiziachia majaribio ya kawaida.

Mnaoandika programu za kaya na za hospitali: chapisheni masharti ya kiini pamoja na msimbo, ili kituo kinachofuata kijue kisichoruhusiwa kuvunjwa.