Kidonge cha Kabichi na Kipimo cha Siki

Mama wa Katindiuka, Ifakara, ukiambiwa mlango wako wa kizazi una seli zilizoanza kubadilika, usikimbilie vidonge vya mboga. Seli hizo bado si saratani. Nyingi zilizobadilika kidogo hurudi zenyewe katika hali ya kawaida, mwili ukishakishinda kirusi cha HPV kinachozibadilisha. Jirani anaweza kumeza vidonge, akapona, akavisifu kwa moyo safi, kumbe angepona hata bila hivyo.

Ndiyo sababu watafiti wa Wales, Uingereza, waliamua kulinganisha. Kabichi na sukuma wiki zina kitu ambacho asidi ya tumboni hukigeuza kuwa daiindolilimetani, kwa kifupi DIM. Majaribio ya maabara yalikuwa yametia matumaini. Wakapatikana wanawake 551 wenye mabadiliko madogo: wengi wakapewa miligramu 150 za DIM kila siku kwa miezi 6, waliobaki vidonge vinavyofanana navyo ila havina dawa. Hakuna aliyejua anameza kipi, na waliowapima hawakujua pia. Matokeo yalichapishwa 2012. Kati ya waliomeza DIM, 9 kwa kila 100 walikutwa na mabadiliko makubwa. Upande wa pili, 12. Tofauti ndogo namna hiyo huweza kutokea kwa bahati tu. Vidonge havikuwasumbua sana, lakini havikuthibitika kuponya seli wala kufukuza kirusi.

Kabichi ya sokoni Ifakara tuendelee kuila, ni chakula kizuri. Fedha ya kopo la vidonge ni heri iwe nauli ya kwenda kupimwa, hasa ukiwa na miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha humulika taa. Pakibadilika kuwa peupe, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, nenda upesi.

Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV; tangu 2024 ni dozi moja tu. Dozi hiyo nayo ilipimwa kwa kulinganisha, tena hapa nchini Tanzania, kwa wasichana 930 wa Mwanza.

Kama tayari unameza vidonge vya mboga, nenda na kopo lake kliniki, muuguzi asome kilichomo.