Pengo la Neva na Dawa ya Pamba

Seli mbili za neva hazigusani. Baina yao ipo sinapsi, pengo lenye upana wa milimita 0.00002 hivi, na ujumbe huvushwa hapo na kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi alilithibitisha jambo hilo kwa mioyo ya vyura: majimaji ya moyo ambao neva yake ilisisimuliwa yaliupunguzia mwendo moyo wa pili. Kemikali yenyewe ilikuwa asetilikolini.

Ikishafikisha ujumbe, asetilikolini huvunjwa mara moja na kimeng'enya. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, ambazo zimetumika sana katika kilimo cha pamba, hukizuia kimeng'enya hicho. Ujumbe haukomi, na mdudu hutetemeka, hupooza, hufa. Lakini mkulima wa Bunda anayo asetilikolini ile ile. Dawa ikipenya ngozini mwake, mboni za macho husinyaa, mate na jasho humtiririka, misuli hutukutika, kisha ile ya kupumulia hulegea. Atropini hukausha mate na kuuhuisha moyo, ila haiondoi udhaifu wa misuli. Kwa hiyo nguo zilizolowa dawa huvuliwa na ngozi huoshwa kwa sabuni palepale shambani, kabla ya safari ya hospitali, iwe Bunda au Musoma.