Libanga na jiwe

Sisi tuliokulia Kampene miaka ya 1990 tunakikumbuka Kilingala kwa namna mbili. Kilikuwa lugha ya jeshi la Zaire. Watoto tulikisikia barabarani tukanyamaza. Kilikuwa pia lugha ya kaseti: Wenge Musica kabla haijagawanyika mwaka 1997, magitaa ya sebene, ndombolo. Tulicheza kwa lugha tuliyoiogopa.

Kibaya cha muziki ule, kwangu, ni mabanga: majina ya wenye pesa yaliyotajwa kwa malipo katikati ya wimbo, hata shairi likakosa nafasi. Lakini neno lenyewe linatufaa darasani. Libanga kwa Kilingala ni jiwe. Wingi wake mabanga. Hiyo li- ni ya ngeli ile ile ya jiwe letu. Kiswahili hakiitumii tena mwanzoni mwa nomino, ila kimeihifadhi katika upatanisho: jiwe hili limeanguka. Ndiyo maana tulisema “libanga lake limelipwa” bila kufundishwa na mtu. Wazee walituambia tunaharibu Kiswahili; sarufi haikuharibika hata kidogo.

Linganisheni sasa likambo, makambo na jambo, mambo.