Jina la Abiria ni Amana

Mwaka jana nilimkatia mama yangu tikiti ya basi kwa njia ya simu, atoke Mombasa aende Lamu arusini, nami nikaulizwa jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, tarehe ya kuzaliwa na hata kazi aifanyayo. Na kwa haraka ya kuwahi kiti nikayajaza yote bila ya kusaili. Hazikutimia wiki mbili, simu yake ikaanza kumiminiwa ujumbe wa wakopeshaji na wa wachezesha kamari, wakimwita kwa jina lake kamili; naye, mtu mzima ambaye hajapata kukopa wala kubahatisha, akaniuliza kwa huzuni, "Mwanangu, watu hawa wamenijuaje?" Siku ile sikuwa na jawabu. Leo ninalo, nami naona ni wajibu wangu kuliweka mbele ya kila akataye tikiti mtandaoni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na miongoni mwa anayokingwa nayo ni kutakiwa habari za jamaa zake au za mambo yake ya ndani pasipo haja, au habari hizo kufichuliwa pasipo haja. Katika maneno hayo mawili, "pasipo haja", ndimo ulimo uzito wa mas'ala yetu yote. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, imekuja kuyafafanua. Lililomo ndani yake si geni kwa watu wa pwani, kwani tangu hapo sisi hupeana bahasha tukasafirishiana, na yule aliyekabidhiwa barua aifikishe Lamu hujua kwamba amepewa aichukue, hakupewa aifungue, wala aisome, seuze kumuuzia mtu habari zilizomo. Jina na nambari umpazo mkata tikiti ni amana ya namna hiyo hiyo.

Basi haja ya mchukuzi ni ipi? Atakaye kupanda treni ya Madaraka Express, kutoka Miritini kwenda Nairobi, hutakiwa jina na nambari ya kitambulisho au ya pasipoti, kisha kitambulisho hicho hukaguliwa stesheni. Na katika hilo hapana dhulma, kwani hivyo ndivyo ijulikanavyo kwamba aliyelipa nauli ndiye apandaye. Nambari ya simu nayo ina kazi yake, maadam malipo hufanywa kwa simu na safari huweza kuahirishwa. Lakini kazi uifanyayo, dini yako, au majina ya watu waliomo katika simu yako, hayo hayaendeshi gari wala hayaweki kiti; na sheria, katika kifungu cha 25, imeamuru kwamba kichukuliwe kile tu kinachotosha kwa kusudio lililotajwa, na kisiwekwe muda uzidio haja.

Fauka ya hayo, kifungu cha 29 kimemlazimisha mkusanyaji wa habari akuarifu, kabla hajachukua, kwamba anachukua, kwa kusudi gani, atampa nani mwengine, atazihifadhi vipi, kama kujibu ni hiari yako au ni lazima ya sheria, na litakalokufika usipojibu.

Ama ridhaa, hiyo ni lazima iwe ridhaa ya kweli. Mfanyabiashara hana ruhusa kuitumia nambari yako kwa kukutangazia bidhaa ila kwa idhini yako iliyo wazi au kwa amri ya sheria. Na ukishaitoa idhini hiyo, waweza kuiondoa wakati wowote. Ikizuka hoja, mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia uko juu yake, si juu yako. Kwa hiyo, ukutanapo na kisanduku kisemacho kwamba unakubali kuletewa matangazo, usikitie alama kwa mazoea. Na kama umekikuta kimekwisha kutiwa, kiondolee alama hiyo kabla ya kulipa.

Na aliyekwisha kutoa, afanyeje? Na aandike barua fupi, kwa lugha yake mwenyewe, iseme hivi: "Mimi, niliyesafiri nanyi tarehe fulani kwa tikiti nambari fulani, nataka kujua ni habari zipi zangu mlizo nazo na mmempa nani, nawataka pia mwache kuzitumia kwa matangazo, na mzifute zile msizozihitaji tena." Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2021, ombi la kuonyeshwa habari zako lapasa kutimizwa ndani ya siku 7, tena bila ya malipo, na lile la kufutiwa lijibiwe ndani ya siku 14. Weka nakala ya barua, tikiti, na kila ujumbe ulioletewa, kwani huo ndio ushahidi wako.

Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Asiyejua kuandika asirudi nyuma, kwani sheria yaruhusu malalamiko ya mdomo, na ofisi hiyo ndiyo itakayoyaandika. Nayo yapasa yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Kamishna aweza kutoza faini ifikayo shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya biashara ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo zaidi. Nawe, uliyepatwa na hasara, au hata na dhiki ya moyo isiyo hasara ya mali, una haki ya kudai fidia. Asiyeridhika na uamuzi ana njia ya kwenda Mahakama Kuu.

Msomaji wetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro naye hakuachwa: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Barua ya mama tuliiandika pamoja, akinitajia maneno yake nami nikiyanukuu, na siku ya 5 kampuni ile ikajibu kwamba nambari yake imeondolewa katika orodha ya matangazo. Juzi alikwenda mwenyewe dirishani kukata tikiti ya kurudi Lamu; karani akamwuliza tarehe ya kuzaliwa, naye akamjibu kwa upole, "Na hiyo ni ya nini, mwanangu?" Karani akatazama kioo chake, akakiri kwamba si lazima, akamkatia tikiti. Swali hilo la mama ndilo kifungu cha 29, nalo kila abiria aweza kulihifadhi kwa moyo.